Jua la Kobe Sajini

Haki ya Mungu aliyeumba dunia na kuacha watu waikate katikati pale Busia, kila neno hapa ni kweli! Kama kuna hata moja la uongo, trela ya magurudumu ishirini na mbili inipande mguu huu wa kulia, halafu irudi rivasi imalizie. Mashahidi wapo, na birika la kahawa lilikuwepo. Kijiwe chenyewe kiko upande wa Uganda, pembeni ya paking ya trela zinazongoja kuvuka, benchi moja ya mbao chini ya kibanda cha mabati, na imebeba makalio mengi kuliko mabasi yote ya Kampala. Hapo hukaa Okochi, fundi wa kufunga turubai juu ya mizigo, jina la kijiweni Trela, kwa sababu hadithi zake ni ndefu na hazipiti pahali pembamba. Hukaa Mukhwana, muuza mahindi kutoka upande wa Kenya, anaitwa Kilo Pungufu, na sababu nawaachia. Hukaa Hudhaifa wa boda, anaitwa Visa, kwa kuwa huvuka mpaka mara hamsini kwa siku. Kahawa ni ya Haji Nasifu. Tangawizi anayotia ingefufua betri ya lori.

Sasa asubuhi hiyo, Jumanne, mawingu yamekaa wiki nzima, Trela akaja amekumbatia beseni ya bluu kama mtu anayepeleka mtoto kubatizwa. Ndani ya beseni maji, ndani ya maji jiwe, juu ya jiwe kobe mchanga, hata kiganja hajazi. Macho yamefumba. Pembeni yake mukene watatu wanaelea, wale dagaa wadogo wa ziwani.

— Haji, mimina kahawa, akasema Trela. Na nyinyi wengine angalieni hapa. Huyu amelala ama anakufa?

Kilo Pungufu akachungulia.

— Si huyu ni Sajini wa Shallon?

— Ndiye.

— Buda! Umemfanya nini mtoto wa watu?

— Sijamfanya kitu! Nimemjengea hoteli! Siku ya tano leo hataki kula.

Mambo yalikuwa hivi. Shallon ni binti ya Trela, miaka kumi. Alimwokota huyo kobe kwenye mihogo ya nyanya yake kule Mulanda, akamwita Sajini kwa sababu anatembea na helmeti. Shule zilipofunga akarudi Mulanda, akamwachia baba. Alitaka kumwelekeza namna ya kumtunza, lakini Trela akamkata kauli: "Mimi unifundishe kobe? Mimi nimelea kobe wa kubeba watu wawili na gunia!" Mtoto akacheka, akaenda zake bila wasiwasi. Trela hakumwacha kobe uani, maana kaloli, yale madege makubwa ya jalalani, yanameza hata ndala. Akamweka ndani. Na Trela ni mtu wa Majanji, amezaliwa ziwani. Mtu wa ziwani akiona gamba, anatafuta maji.

Watu wote wa Busia waliacha kumwamini Trela tangu aliposema alizima moto wa tenki la mafuta kwa kofia. Amebaki mtu mmoja tu duniani anayemeza kila neno lake, na huyo mtu anarudi Jumamosi.

— Shida yake naijua, akasema Kilo Pungufu. Ana hamu na kwao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tano na hata kijiko hajapewa. Atafanya nini kwa beseni, aogelee mpaka Mwanza?

— Jembe atashika na nini, sebo? akauliza Visa. Huyu shida yake ni giza. Mwenda pole hajikwai, lakini kama haoni mbele?

Akaenda kwa pikipiki yake, akarudi na kitaa kidogo cheupe cha LED, akakifunga kwa waya ukingoni mwa beseni. Mwanga ukawaka, mweupe kama meno ya tangazo.

— Ona! Jua la saa sita hilo. Sasa mjengee ghorofa. Chini alale, juu apunge upepo, ngazi katikati. Mimi nimeona Mbale, kobe ana nyumba ya vyumba vinne, na kengele mlangoni.

— Kengele ya nini?

— Wageni wakija!

Haji akatikisa kichwa, akamimina kahawa bila kuangalia kikombe.

— Mnamwonea bure. Huyo amefunga.

— Kufunga mwezi huu, Haji?

— Ya sunna. Jumatatu na Alhamisi.

— Leo Jumanne!

— Kwani anatembeaje? Ya Jumatatu ndiyo anafika nayo leo.

Wakacheka mpaka dereva mmoja akatoa kichwa dirishani kuuliza kama geti limefunguliwa. Trela naye, kicheko kikimwasha mdomo, hakuweza kujizuia.

— Nyinyi hamjui kobe. Kule Tiira, kwenye mashimo ya dhahabu, nilikuwa kwenye shimo la futi mia nne. Wachimbaji wakapiga sururu, ikalia ngwee! Wakajua dhahabu. Kumbe mgongo wa kobe, amelala pale tangu enzi za Mwingereza. Akafungua jicho moja, akauliza saa ngapi.

— Aliuliza kwa lugha gani?

— Kisamia.

— Kobe wa Tiira anajua Kisamia?

— Alizaliwa Lumino! Tukamwambia saa nne, akalala tena. Kwa hiyo huyu Sajini hafi. Kobe hafi hivi hivi. Huyu ana…

Kichwa cha Sajini kilikuwa kimeteleza kutoka kwenye jiwe, taratibu, pua ikaingia majini, na haikutoka. Trela akatumbukiza mkono, akamwinua. Mikono hiyo hufunga turubai la tani thelathini kwa fundo moja, lakini sasa ilimnyanyua kwa pupa mpaka maji yakamwagikia kahawa ya Kilo Pungufu. Kilo Pungufu hakudai nyingine. Mniamini hapo, kwa sababu huyo hudai hata upepo.

— Kimya kingi kina mshindo mkubwa, akasema Visa kwa sauti ndogo, na wala hakujua kwa nini ameisema.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, ametoka Tororo, boksi la matundu miguuni, ndani vifaranga wanalia piu piu. Jina lake tulikuja kulijua baadaye, Mama Acom. Alikuwa akingoja mteja wake, na kahawa yake alikuwa ameimaliza zamani. Alisikiliza ya Mbale na ya Tiira yote. Akainama juu ya beseni, akaangalia maji, jiwe, samaki, kitaa.

— Samahani wazee. Jua la huyu mtoto liko wapi?

Kilo Pungufu akaangalia mabati. Haji akaangalia ndani ya birika. Visa akanyoosha kidole kwenye kitaa chake, mama akakigusa kwa vidole viwili, akakikuta baridi kama soda, na Visa akarudisha kidole mfukoni.

— Na majini alifuata nini? Ni kasa?

Wote wakamgeukia Trela, wakingoja kusikia alivyolea kasa wa futi kumi.

— Mama, mimi sijui.

Walahi, tangu benchi hiyo ipigiliwe misumari, neno hilo lilikuwa halijasikika hapo. Haji alimwaga kahawa chini.

— Mtoto wangu anarudi Jumamosi, akaendelea Trela. Nisaidie, mama. Nilimwambia najua.

Mama Acom hakumcheka. Akamfuta Sajini kwa ncha ya kitenge chake, akamshika mguu, akamweka kifuani kati ya kitenge na blauzi.

— Huyu si wa ziwa. Wa ziwa ana miguu ya kupiga kasia. Hii miguu ni ya kutembea, angalia, kama ya ndovu. Ni mtu wa kichaka, anakula nyasi na magugu. Amepoa tu. Mnyama kama huyu hana jiko tumboni, joto anaazima nje, na akikosa joto hata chakula hakishuki. Mimi nalea vifaranga mia tatu, wiki ya kwanza ni vita hiyo hiyo ya joto. Nani ana sanduku?

Kijiwe kikaondoka mbio! Kilo Pungufu akaleta sanduku la mbao la kubebea nyanya, zima, na safari hiyo hakupunguza kitu. Visa akaruka na pikipiki, akarudi na udongo mkavu na magugu yenye umande. Haji akatoa kigae cha chungu kilichovunjika. Trela akaweka turubai chini ya sanduku, akalibana kwa fundo lake la tani thelathini. Wakalipeleka sebuleni kwake, mbali na mlango.

— Balbu iwe ya zamani, ile ya kuunguza, akasema Mama Acom. Ifunge upande mmoja tu, juu. Weka mgongo wa mkono hapa chini. Inachoma?

— Kidogo.

— Pandisha. Sasa?

— Kama mgongo wa mama.

— Hapo hapo. Upande huu mwingine acha baridi, weka kigae ajifiche. Maji kwa kifuniko cha kopo, yasipite kidevu chake. Kifaranga akisikia baridi anakuja kwa taa, akisikia joto anakimbia. Na huyu mwache achague. Lakini balbu ni ya joto tu, gamba linataka jua lenyewe. Likitoka, mpeleke nje, na wewe ukae hapo hapo na fimbo ya kaloli.

Jumanne Sajini hakufanya kitu. Jumatano alisogea kama upana wa kidole kuelekea kwenye balbu, na Trela, ambaye alikuwa amelala sakafuni kando ya sanduku, akawapigia simu watu kumi na saba. Alhamisi jua likatoka. Trela akakaa uani kwenye stuli, fimbo mkononi, trela sita zinamngoja zifungwe turubai, madereva wanapiga honi, yeye hageuki. Kaloli akatua kwenye ukuta. Akapigwa jicho na Trela, akaondoka, na naambiwa alihamia Soroti. Saa nne na dakika chache Sajini akafungua jicho, akanyoosha shingo, akauma jani. Kutafuna kwake kulisikika mpaka Malaba.

Jumamosi Shallon akashuka kwenye boda, akakimbia moja kwa moja ndani. Sajini alikuwa kwenye sanduku lake, chini ya balbu, jani mdomoni. Mtoto akapiga kelele ya furaha. Trela akapiga magoti karibu naye.

— Shallon, sikiliza. Baba alikosea. Nilimweka majini, nikampa samaki. Karibu afe. Sikuwa najua chochote. Mama mmoja wa vifaranga ndiye aliyemwokoa.

Shallon akamwangalia, akaangalia sanduku, fundo, kigae, balbu. Akaanza kucheka mpaka akajishika tumbo.

— Baba, wacha uongo! Wewe usijue kobe?

Mtoto akamshika mkono, akamvuta wakachume magugu.

Kwa hiyo nawaomba, nyinyi wote mliosikia, hasa wa Mulanda na wa sokoni: mkikutana na huyo mtoto, mpeni salamu, muulizeni habari ya Sajini, na haya mengine msimwambie.