Barua ya Kiingereza ya Matonya

Matonya alikuwa anarudi kazini Makutupora, kwenye shamba la zabibu lililopata tajiri mpya yeye akiwa hospitali. Ndani ya pikapu alimpa abiria mwenzake, mwalimu Yusra, barua ya Kiingereza iliyotoka shambani. "Karani alinisomea: hukufukuzwa, kwa sababu ulikuwa mgonjwa." Karani huyo alishakula jogoo wa shukrani.

Yusra aliisoma mara mbili. "Mzee, hawakuweka mkato kabla ya 'because', yaani 'kwa sababu'. Yaweza pia kuwa umefukuzwa, ila si kwa sababu ya ugonjwa."

Matonya akaiinamia barua. "Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo."

"Sasa nina kazi au sina?"

"Kiingereza chao hakisemi, mzee."

Pikapu ikasimama getini. Mlinzi mgeni akamwangalia Matonya akishuka. "Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"