Nyuki Waliokuwa Wanapita Tu

Ndugu zangu wa kikundi, nikilia katikati mniache nilie, nitamaliza tu.

Mimi nimeolewa hapa Sindo, kwetu ni Oyugis. Mwaka ule vyama vingi vya siasa viliporudi, kundi la nyuki lilikuja likaning'inia kwenye paa la jiko langu, karibu na pale tulipofunga dume letu la kulimia. Mume wangu akatazama, akaniita binti wa Oyugis kwa Kiluo, akasema, "Nyar Oyugis, waache. Hao wanapita tu." Mimi na mdomo wangu huu! Nikamwambia, "Sema umeogopa." Akacheka, akaenda zake shambani.

Saa sita mchana nikawasha kipande cha tairi, nikakisukuma juu kwa ufito mrefu. Woi! Walishuka wote. Nikakimbilia nyumba kubwa, nikafunga mlango. Dume likabaki limefungwa, likilia. Mume wangu akasikia, akaja mbio kulifungua, na kamba kwa kuvutwa ilikuwa imekaza. Hakuiacha. Nilimwona kwa dirisha, ndugu zangu, na sikutoka. Jioni hiyo tukampoteza.

Miaka mitatu, nikisikia nyuki hata mmoja kwenye ua la boga, nakimbilia ndani. Kisha kundi lingine likatua kwenye mti wa kanisani. Watu wakakimbilia mafuta ya taa. Nikapiga nduru, "Msiwashe!" Mama mmoja wa kikundi hiki, mnamjua, akanishika mkono. "Dada, kundi linaloning'inia hivi halina nyumba wala watoto wa kulinda. Limepumzika. Usipolichokoza, kesho ama kesho kutwa linaenda." Nikakaa chini pale pale. Kumbe marehemu alisema kweli. Ningengoja siku mbili tu!

Yule mama hakuniacha pale chini. Alinivalisha neti yake ya kujikinga na nyuki, tukaweka sanduku chini ya tawi, tukalitikisa kwa nguvu mara moja. Malkia akaanguka ndani, wengine wakamfuata wenyewe. Jua lilipozama tukawabeba mpaka kwenye mzinga wake.

Leo nina mizinga minne. Asante mama, asanteni nyote mlioniita dada wakati mimi mwenyewe nilijiita muuaji. Ukiona kundi limetua, toa watoto, fungulia mifugo, kaa mbali, kisha uniite. Hata kwa mvua nitakuja. Asali yenyewe nauza. Kuionja, ndugu zangu, bado inanishinda.