Hendeli Iliyo Chini ya Kitanda

Sikilizeni wanangu, nami nitasema polepole, kwa maana siku hizi pumzi yangu inakuja inapotaka. Nzau, kaa hapo mlangoni ninapokuona. Kanini, wewe njoo ukae kitandani, hata kama hutaki kumtazama ndugu yako. Waithira, mke wa mwanangu, epua hilo sufuria uje; wewe pia ni mtoto wa nyumba hii.

Asubuhi niliwasikia mkibishana nje. Mnadhani mtu akifumba macho na masikio yake yamefungwa. Nimesikia kwamba mnunuzi wa vyuma vikuukuu atakuja Jumamosi kutoka Thika kuliona gari la baba yenu, na kwamba Kanini anataka lichukuliwe hata bure, na Nzau anasema gari litatoka uwanja huu siku atakayobebwa yeye. Kwa hiyo nina neno la kusema kabla ya Jumamosi, na nimelilalia miaka mitano.

Mengine ni mepesi. Lile shamba la Kangundo, Nzau atalima upande wa mto na Kanini upande wenye migomba, na wazee wakisema binti aliyeolewa hapewi ardhi, waambieni mama yenu alisema hivyo akiwa na akili zake. Mbuzi wawili ni wa Waithira. Miezi hii yote amekuwa akiyajaribu maji ya kuniogesha kwa kiwiko chake kwanza, kama ya mtoto mchanga, akidhani simwoni.

Sasa gari. Najua si mali. Vioo viwili havipo, kuku wanataga kiti cha nyuma, na tangu mwaka jana halijanguruma. Lakini nakumbuka siku lilipokuja. Baba yenu alikuwa amemwendesha Dhanji, yule mwenye duka la vitambaa Thika, miaka kumi na mmoja, na Dhanji aliponunua jipya alimpa hili la zamani. Hakumpa ufunguo tu akamwacha aende. Alipanda mwenyewe, akaketi mahali pa abiria, akasema, “Kaleli, leo endesha kwenda kwako. Mimi tarudi na treni.” Kaleli alifika hapa Gitothua akicheka huku machozi yanamtoka, na mwenye duka akanywa uji wangu kwa kibuyu, akaomba tena.

Baba yenu alipokufa, gari likawa la Nzau kuliendesha. Mwanzoni lilikuwa jema. Kanini, wewe unalichukia tangu ule mwaka wa hamsini na nne, na sikulaumu.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zimeanza. Waceke, jirani yako wa Murera, alifika hapa adhuhuri, matope hadi magotini, ametembea njia yote bila kibali, na siku zile za hali ya hatari mtu alikamatwa kwa kutokuwa na kibali tu. Akasema uchungu umekushika tangu jana, mtoto hageuki, na mume wako anaomba gari likupeleke hospitali Thika. Nzau alikuwa nyuma akipasua kuni. Nilimwambia Waceke aketi anywe maji, halafu nikatoka mbio kumwita Nzau.

Nilipofika penye gari, miguu ilisimama. Wiki ile askari walikuwa wamewateremsha madereva wawili kwenye barabara ya Thika, mmoja akarudishwa kwao amekufa, mwingine hakuonekana tena. Nilikuwa na mwana mmoja tu wa kiume. Nilifungua mlango, nikaitoa hendeli chini ya kiti, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini, nikauingiza ndani ya nguo zangu, nikaja kuuficha chini ya kitanda hiki. Ndipo nikamwita.

Nyamaza kwanza, Kanini. Acha nimalize, nisipomaliza leo sitamaliza.

Nzau alitafuta chini ya kiti, akatafuta kwenye kuni, akatafuta hata kwenye kiota cha kuku. Gari lilikuwa limeegeshwa likitazama mto, kulisukuma ili liwake ni kulitupa majini. Akaniambia, “Mama, hendeli haipo.” Nikasema labda imeibwa. Alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu iliyopakaa grisi nyeusi. Alivua koti lake, akanifunika mabegani kwa sababu ya mvua, akasema, “Basi nenda wewe na Waceke, mimi nitatafuta gari kwa watu.” Alikwenda mpaka stesheni ya Ruiru akiomba. Hakuna aliyethubutu.

Mimi nikatembea hadi Murera. Tulifika jua likiwa chini, na mwanao alikuwa amekwisha kuzaliwa na kunyamaza moja kwa moja. Ulinishika mkono, mwanangu. Ukasema, “Mama, umekuja kwa miguu.” Ukavitazama vidole vyangu vilivyotoka damu, ukavilia kuliko ulivyojililia mwenyewe.

Ndugu yako alipokuja alikuambia gari lilikataa kuwaka. Ukamwambia, “Aliyekataa ni wewe, dereva wa kuku.” Na jina hilo limemfuata hadi sokoni, watoto wanamwimbia. Angeweza kukuambia neno moja tu ukamrudia. Hakukuambia, wala mimi hajawahi kuniuliza. Wiki ile ile alikwenda kwa fundi Amrik kutafuta hendeli nyingine, na Amrik alipotaka kujua ya kwanza imekwenda wapi, alisema ameipoteza yeye.

Nawe ulipojaliwa binti, kwa desturi ya kwa mume wako jina lilikuwa la mama mkwe wako. Ukamwomba akupishe, umwite mtoto Nduku, jina langu, kwa ajili ya safari ile ya miguu. Na mama yule, ambaye zamu ilikuwa yake, alikubali, akaja hapa na kikapu cha viazi kunipongeza. Nilivila viazi vile. Kila mtu aitapo “Nduku” uwanjani na kale katoto kakaitika, mimi hugeukia ukuta.

Basi gari halikukosa. Ndugu yako hakukosa. Ni mimi.

Ingiza mkono chini ya kitanda, Kanini, upande wa ukutani. Imefungwa kwa leso ya bluu. Itoe. Ni nzito, ndiyo.

Nilikuwa nimekusudia kusema gari lisiuzwe, Nzau abaki nalo kwa vile amelibebea aibu. Ni neno zuri, lakini siku ile niliamua badala ya Kanini, na sitaamua badala yake mara ya pili. Gari ni lako, mwanangu. Jumamosi mnunuzi akija, mwambie alichukue, au mwambie arudi alikotoka, au liwe la kuku. Nzau, utakubali lolote atakalosema, na usimtetee mama yako. Umenitetea vya kutosha. Na Kanini, ukitaka kumrudishia yule mama zamu yake, mtoto bado ni mdogo, jina jipya atalizoea. Sitanung'unika huko niendako.

Mnizike Kangundo karibu na Kaleli. Waceke aitwe, aketi mbele pamoja na ndugu, mtu asimwulize anatoka ukoo gani.

Sogeeni sasa, niwatemee mate ya baraka kifuani, kama mama yangu alivyonifanyia. Mdomo umekauka. Waithira, nipe maji kidogo... hapo, inatosha. Nzau, kwako pawe na watu wanaocheka. Waithira, uzee wako upate mkono kama wako. Kanini...

Yuko wapi? Simwoni vizuri. Amesimama penye mlango na ile hendeli? Mwacheni. Mwana wangu, baraka yako nimeiacha hapa mdomoni. Nenda kwanza ukalitazame gari. Ukirudi... hata usiporudi, ni yako. Nzau, usimfuate mpaka akuite.

Fungueni mlango wote. Nataka kulisikia gari.