Mkeka wa Msiba Kwenye Kitabu cha Harusi

Mnanisumbua na habari hii kila nikikaa na kikombe changu. Haya, naisema mara moja, na atakayenikatiza ataosha vyombo. Ilikuwa Alhamisi, kwenye benchi letu mbele ya duka la mikate, hapa Nuku'alofa. Kitabu cha mwalimu Losaline kilikuwa kimefika kutoka kwa wachapishaji wa Auckland, ng'ambo, nakala mia tano, mambo ya harusi matupu, kazi ya miaka kumi na mmoja. Uzinduzi ni Jumamosi, ukumbi wa kanisa. Basi kuangalia jalada, Losaline huyo anatabasamu, na kiunoni, pale tunapofunga mkeka wa heshima, kafungwa limkeka kubwa, chakavu, lile la msibani la mtu wa chini anayemzika mkubwa wake. Shangazi mtu! Hata kaka yake alipokufa, yeye alivaa mkeka laini, maana kwenye ukoo ule hakuna wa juu yake. Akajifungia ndani. Ukumbini haendi, vitabu na viliwe na panya.

Aliyeanza ni Pilimi, mtoto wa huyo kaka yake. Tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Ni wachapishaji. Siku hizi majalada yanachorwa na kompyuta. Mtu anabonyeza "huzuni", inatoka huzuni.

— Kitabu cha harusi, huzuni ya nini? akauliza Uikelotu, polisi mstaafu, jina lake la benchi Ushahidi.

— Ndiyo biashara, mzee. Mama anayelia anauza kuliko keki.

— Mbona huyu anacheka?

— Wamekosea kitufe.

Ushahidi akavuta kahawa.

— Mimi naona kubwa zaidi. Kitabu cha marehemu kinagombaniwa. Wamesikia Losaline ana presha, wakachapa jalada la msiba mapema.

— Hapo umesema. Na daktari wake yumo.

— Daktari wake ni mwanangu, nikamwambia. Endelea, nikumwagie hii.

— Basi hayumo, Bibi. Yumo balozi.

Mama mmoja mgeni, anangoja basi, akakichukua kitabu magotini pangu.

— Samahani jamani. Auckland huu mkeka wameupata wapi?

Ushahidi akachungulia ndani ya kikombe. Redio akainuka, eti kaacha chungu motoni.

— Kaa, Pilimi.

Akakaa.

— Wachapishaji waliniomba picha ya mkeka, Bibi. Ile mizuri iko chini ya godoro, na mke wangu alikuwa kalala juu yake. Huu wa msiba wa baba ulikuwa kwenye kamba. Nilijua wataweka pambo pembeni. Sikujua watamvisha shangazi.

— Umeshindwa kumwamsha mke, umemvua shangazi yako cheo.

Nikampeleka mwenyewe. Losaline akafungua mlango, akasikiliza yote. Shangazi wa kwetu hagombezi, ananyoosha kidole, na mtoto wa kaka anatoa. Akafuatana nasi hadi kwa Pilimi, akanyoosha kidole kwenye kitambaa kikubwa cha magome ya mti ambacho Pilimi na mkewe walimwekea binti yao wa kuolewa. Pilimi akakikata kwa mkasi, vipande mia tano, mkewe kamsimamia mikono kiunoni, kila kitabu kikavishwa chake juu ya ule mkeka wa jaladani. Jumamosi Losaline akaenda ukumbini kavaa mkeka laini, na watu wakanunua hadi wakasukumana.

Pilimi akadhani yamekwisha. Jumapili baada ya ibada shangazi akapita kwake, akanywa chai, akanyoosha kidole tena, bandani, kwa nguruwe jike mwenye mimba. Alizaa tisa, wote kwa Losaline.