Mkutubi Aliyebandua Karatasi Zake Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika maktaba ya chuo chetu cha tiba, mkutubi wetu wa kitabibu, ambaye sote tunamwita Mama Vyanzo, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Mhariri wa jarida hili ameniagiza niandike kitu kifupi, cha kuchangamsha, na nisijaze maneno ya watu. Nimekaa naye dawati kwa dawati muda mrefu kuliko niliokaa na mke wangu, kwa hiyo mhariri atanivumilia nikimvunjia agizo hapa na pale.

Wafanyakazi wapya hudhani kazi ya mkutubi ni kugonga mihuri na kuwanyamazisha wanafunzi. Hiyo ya kunyamazisha ni yangu, na naifanya kwa moyo wote. Kazi ya Mama Vyanzo ilikuwa wodini, katika hospitali ya chuo. Kila asubuhi alifuatana na madaktari kwenye raundi, amevaa raba, kalamu ameichomeka kwenye nywele, akisikiliza maswali wanayoulizana mbele ya kitanda cha mgonjwa. Dawa hii itamfaa mtu mwenye ini bovu? Mtoto mdogo hivi atastahimili upasuaji huu? Kisha anarudi maktaba, anachimba tafiti za dunia nzima, anapembua pumba na mchele, na kabla ya chakula cha mchana jibu liko mikononi mwa daktari.

Jina lake la utani lilitokana na tabia moja. Ukimwambia lolote, hata kwamba kesho kutanyesha, atakuuliza umelipata wapi. Shemeji yetu, mumewe, aliwahi kutulalamikia kwenye sherehe ya wafanyakazi kwamba siku alipomtamkia kuwa anampenda, aliombwa ushahidi.

Alianza kama karani wa kupanga vitabu kwenye rafu, akaomba mwenyewe kwenda wodini wakati hakuna mkutubi aliyewahi kufikiria jambo hilo. Siku za mwanzo mlinzi alimtoa nje akidhani ni ndugu wa mgonjwa aliyekuja kabla ya saa za kutazama wagonjwa. Alitoka bila ubishi, akazunguka, akaingilia mlango wa jikoni. Baada ya miaka michache madaktari walikuwa wanamsubiri.

Kilichompa sifa zaidi ni kile tulichokiita ukurasa mmoja. Madaktari hawana nafasi ya kusoma makala ndefu huku mtoto anatapatapa, na yeye alilijua hilo. Alichukua utafiti wote, akaubana kwenye karatasi moja yenye herufi kubwa na jedwali la dozi, akaifunika kwa plastiki, akaibandika ukutani juu ya toroli la dawa. Daktari anainua macho tu, anapata jibu. Kurasa zake zilitapakaa hospitali nzima, chuo kikampa cheti, na mimi nikapata kazi ya ziada ya kukata plastiki.

Sasa nafika mahali ambapo mwandishi mwenye adabu angeruka. Nilimwomba ruhusa kwanza. Akaniambia ama niandike yote ama niache yote.

Miaka kadhaa iliyopita daktari bingwa wa watoto alimwomba amtafutie njia bora ya kutibu watoto wanaoshikwa na degedege kutokana na homa ya uti wa mgongo. Mama Vyanzo alipata utafiti mpya, mkubwa, kutoka jarida la kuheshimika. Ulisema ukiongeza dozi ya dawa fulani mara mbili katika siku za mwanzo, mtoto anapona haraka na kurudi nyumbani mapema. Aliupekua kila upande kama kawaida yake, hakuona kasoro. Akatengeneza ukurasa. Ukabandikwa mapokezi ya dharura, chumba cha dawa na wodi ya watoto. Kwa miezi kadhaa dozi ile ikatumika, na kila mtu alifurahi.

Alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemwagiza: kila Jumatatu asubuhi, kabla ya raundi, alizirudia tafiti zote zilizokuwa nyuma ya kurasa zake, moja moja, kuona kama kuna iliyosahihishwa. Nilikuwa nikimtania kwamba anakwenda kuwajulia hali wagonjwa wake. Jumatatu hiyo nilisikia kikombe cha chai kikitua mezani kwa kishindo. Jarida lililochapisha ule utafiti wa degedege lilikuwa limeuondoa na kutangaza usitumike tena. Takwimu zilikuwa zimepikwa. Watoto ambao figo zao ziliharibika kwa ile dozi walikuwa wameachwa nje ya hesabu kwa makusudi.

Sijawahi kuuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Aliniambia neno moja tu, "Piga," akatoka.

Nikapiga simu kila mahali ukurasa ule ulipobandikwa. Mapokezi ya dharura wakapokea. Chumba cha dawa wakapokea. Simu ya wodi ya watoto ilikuwa inatumika. Nikakata, nikapiga tena, inatumika. Pengine kulikuwa na mtu anaulizia mashuka. Nilikaa roho juu, nikimlaani mtu nisiyemjua. Mama Vyanzo naye alikuwa anapita kwenye korido bila kukimbia, kwa sababu mtu akikimbia hospitalini anatia watu hofu, lakini waliomwona wanasema hata wanafunzi wenye miguu mirefu hawakumfikia. Kule dharura plastiki ilikataa kubanduka. Gundi niliichagua mimi, na nilichagua nzuri. Akaing'oa kwa kucha, na rangi ya ukuta ikatoka nayo.

Alipoingia wodi ya watoto, raundi ilikuwa imesimama kwenye kitanda cha dirishani. Alilala hapo msichana wa umri wa chekechea, akiwa amekwisha kupewa ile dozi kubwa kwa siku mbili, na muuguzi mkuu wa wodi alikuwa ameanza kumfungulia dripu ya siku ya tatu. Mama wa mtoto alikaa upande wa ukutani. Mama Vyanzo alipenya katikati ya wanafunzi, akasema mbele ya wote: "Daktari, naomba isimame. Utafiti ule umeondolewa. Ukurasa niliubandika mimi, na hauna ukweli."

Msije mkadhani daktari bingwa alikuwa mtu wa majivuno. Ni katika watu waangalifu kuliko wote niwajuao, na ndiyo maana alikataa. Kwa miezi alikuwa ameona kwa macho yake watoto wakinyanyuka vitandani mapema. Na aliogopa jambo la kweli: ukimpunguzia mtoto dawa katikati ya safari, degedege inaweza kurudi na kumaliza kila kitu. "Mimi nawaona wanapona hapa hapa," alimwambia. "Wewe unaona kompyuta."

Mama Vyanzo angeweza kukasirika, na mimi ningekasirika kwa niaba yake. Alijibu kwamba hajui mtoto huyu atakuwaje akipunguziwa. Anachojua ni kwamba wale waliosema wanajua walidanganya, na kwamba dozi ya zamani ndiyo pekee yenye ushahidi wa kusimamia. Akamnyooshea tangazo la jarida, alilokuwa amelichapa kabla ya kutoka maktaba. Wakati wakubwa hao wakibishana, muuguzi mkuu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshaifunga dripu na kuishika hapo hapo kwa vidole, akingoja wamalize. Hakuna aliyemwona ila mama wa mtoto.

Daktari bingwa alisoma amesimama. Aligeuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu, akairudia tangu juu. Kisha akaagiza: dozi irudi ya zamani, na watoto wote waliopewa ile nyingine wapimwe figo sasa hivi.

Wengine walikuwa salama. Yule wa dirishani hakuwa salama. Figo zilikuwa zimeanza kulegea na mkojo umepungua. Mama yake aliuliza ni nani aliyeiandika ile karatasi. Ninayo haya kutoka kwa muuguzi, naye hatii chumvi.

"Ni mimi, mama," akasema Mama Vyanzo.

"Na ni wewe uliyekuja kuikataza?"

"Ni mimi."

Yule mama akainua mfuko wake uliokuwa kwenye kigoda, akauweka chini, ili mwenzake apate pa kukaa.

Akakaa. Siku hiyo na siku zilizofuata, kazi ikiisha tu, alikuwa pale. Mtu aliyesoma tafiti nyingi kuliko yeyote katika jengo hili alikaa akikodolea macho mfuko wa mkojo, akiomba ujae. Kesho yake mchana degedege ilirudi. Ilikuwa fupi, lakini waliokuwepo wanasema ilikuwa ndefu. Daktari bingwa alisimama kichwani mwa kitanda, akainua macho, yakakutana na ya Mama Vyanzo. Mama Vyanzo alinieleza baadaye kwamba kama wakati ule daktari angeagiza dozi ipandishwe, yeye asingeweza kumzuia. Hakuagiza. Alimshika mtoto mkono mpaka mwili ulipotulia.

Mkojo ulianza kuongezeka taratibu. Figo zikarudi. Siku moja msichana akaomba maji, kisha akaomba simu ya mama yake achezee, na aliponyimwa alilia kwa nguvu zote, na muuguzi mkuu akasema hajawahi kusikia kelele nzuri kama hizo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini daktari mmoja wa mafunzo alikuwa amepiga picha ukurasa ule kwa simu yake kabla ya kuhamishiwa hospitali ndogo ya mbali. Mama Vyanzo alimsaka mpaka akampata. Daktari huyo alikuwa amewatibu watoto wawili kwa dozi ile, wote wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mmoja alipatikana, mzima. Wa pili, familia ilikuwa imehama na namba ya simu haipokelewi. Hakupatikana. Mama Vyanzo amemtafuta kwa njia zote anazozijua, na anazijua nyingi. Hadi leo hatujui, na hajawahi kuniruhusu niseme kwamba bila shaka yuko salama.

Aliandika taarifa, akaisoma ukumbini mbele ya hospitali nzima, jina lake likiwa juu kabisa. Kisha akaomba aondolewe wodini, arudishwe kwenye rafu. Sikuweza kumshawishi, nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali. Asubuhi ya tatu daktari bingwa alikuja maktaba, akaegemea meza yangu ya kuazimishia vitabu, mahali ambapo simruhusu mtu kuegemea, akasema raundi haijaanza. Nilimwuliza kwa nini. Akasema wanamsubiri mtu, wamesimama kwenye korido, na hawana haraka. Mama Vyanzo alichomeka kalamu kwenye nywele akatoka.

Tangu hapo kila ukurasa wake una jina la mtu anayeuangalia na tarehe ulipohakikiwa mara ya mwisho. Uliopita mwezi mmoja bila kuhakikiwa, muuguzi yeyote ana ruhusa ya kuuchana bila kumwuliza mtu. Wauguzi waliipenda mno ruhusa hii. Vyuo vingine vimekuja kuiga utaratibu huo, na wageni wakiusifu huwa anawapa habari ya karatasi ya wodi ya watoto kabla hawajamaliza kusifu.

Mwezi huu, badala ya kupanga sherehe, amekuwa akizunguka wodi kwa wodi akibandua kurasa zake. Muuguzi mkuu aligombana naye hadharani, akimwambia anawaacha watupu. Alijibu kwamba kuanzia Jumamosi karatasi hizo hazina mwenyewe, na hatamwachia mtoto wa mtu karatasi isiyo na mwenyewe. Utawala umesema nafasi yake itajazwa kwa wakati wake. Sisi tuliokaa hapa miaka mingi tunaujua huo wakati. Nilishikwa na hasira, kisha hasira ikageuka woga.

Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla ya chai, daktari bingwa aliingia akiwa na miwani yake, nywele sasa nyeupe, akavuta kiti cha mgeni karibu na kompyuta na kumwambia Mama Vyanzo, "Nifundishe." Nyuma yake wakaja muuguzi mkuu, bado amenuna, na mfamasia. Mama Vyanzo hakuwabembeleza hata kidogo. Kwenye mazoezi aliwachomekea utafiti ulioondolewa, na wote watatu wakaupitisha. Akawarudisha mwanzo, na daktari bingwa akacheka, kisha akaikumbuka ile karatasi ya wodi ya watoto, akaanza upya. Wamekuja kila siku tangu hapo. Mfamasia ameanza kuniuliza mimi nimezipata wapi habari zangu.

Jana ukurasa wa wodi ya watoto umerudi ukutani, na chini yake limeandikwa jina la daktari bingwa. Wa chumba cha dawa una jina la mfamasia. Wa dharura anauangalia muuguzi mkuu, na Mungu amsaidie atakayethubutu kuugusa. Kuta nyingine bado ziko tupu, na zitabaki hivyo mpaka apatikane wa kuziangalia.

Dada yetu, kwa niaba ya maktaba, wodi zote, na familia ambazo hazikuwahi kujua jina lako, asante sana. Tunakutakia afya, usingizi wa kushiba na shemeji mwenye subira. Tutakukumbuka kuliko ninavyoweza kukiri kwenye jarida la ofisi. Na Jumatatu asubuhi, tafadhali, usiamke mapema. Tunaangalia sisi.