Barua ya Kumwita Nakala Kikaoni

Jamaa, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka zamu mkiwa bado na ovaroli, mimi ni mdogo wake marehemu, yule anayechekesha watu jukwaani, na familia imenipa karatasi hii niisome kwa sharti kwamba nisilete vituko, nami nimekubali, ila mjue mapema kwamba kituko kilichomo humu sikukitunga mimi.

Kaka yangu, ambaye kiwandani mlimwita Nakala, alizaliwa tarehe 3 Juni 1971, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na marehemu mama alikuwa akisema alitoka tumboni amekunja uso kama mtu ambaye hakukubaliana na masharti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989, na huko sekondari alichaguliwa kiranja akavuliwa ndani ya wiki mbili, kwa sababu alimwomba mwalimu mkuu amwandikie kazi za kiranja, mwalimu akamwambia we mtoto, kazi za kiranja zinajulikana, naye akauliza, zinajulikana na nani?

Tarehe 5 Februari 1996 aliajiriwa kiwanda cha sabuni, mashine ya kukata namba mbili, akakaa hapo miaka ishirini na tisa, mche unaingia mrefu unatoka vipande, na nyumba nzima hakuna aliyenukia vizuri kumshinda. Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, huyu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, muuguzi, fundi umeme, na binti wa mwisho aliye kidato cha tatu.

Mwaka 2006 mama mmoja wa idara ya kufungashia aliachishwa kazi kwa simu akiwa likizo ya uzazi, kichanga kina siku kumi na tisa, kaka akaenda naye hadi ofisi ya kazi, akamuuliza meneja mbele ya watu, kosa lake ni lipi bwana, kuzaa au kupokea simu, na yule mama akarudi kazini. Tangu hapo mkamchagua mwakilishi wenu, akakaa na wenzake arobaini na mmoja kwenye vikao vya nidhamu, kila mara akidai nakala ya kila karatasi, hadi jina likamganda. Mwaka 2014 msimamizi aliwaruhusu kwa mdomo tu watu watatu watoke kazini, kisha akakana, wakafukuzwa, kaka akapambana hadi wakarudishwa, na ni yeye aliyedai utaratibu mpya, kwamba asitoke mtu getini bila kibali kilichosainiwa, na mlinzi awe na kitabu chenye safu mbili, ana kibali, hana kibali.

Alikuwa na shinikizo la damu tangu mwaka 2021, akinywa dawa na kutuambia ni vitamini. Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, alianguka kando ya mashine yake, wenzake watatu wakamlaza juu ya toroli la sabuni wakalisukuma mbio hadi nje ya geti, akafikishwa hospitali saa nne na dakika tano, na saa tano na dakika arobaini akafariki kwa kiharusi, asubuhi ambayo alikuwa ametoka nyumbani akibishana na shemeji kuhusu chumvi kwenye mayai.

Alhamisi tumekaa sebuleni, wachimba kaburi wanaulizia vipimo, akaingia tarishi wa kiwanda na bahasha ya kaki, tukajua ni rambirambi, nikaifungua, nikaisoma kwa sauti, nikakwama katikati. Kaka yangu anatuhumiwa kuondoka kazini tarehe 9 bila kibali na kutorudi hadi mwisho wa zamu, anaitwa kwenye kikao cha nidhamu Jumatatu tarehe 15 saa tatu asubuhi, na asipofika, uamuzi utatolewa bila yeye kuwepo. Shemeji akasema, we mwanamume, leo usiniigizie, nikampa barua asome mwenyewe. Miaka thelathini ya jukwaa sijawahi kuandika kitu cha namna hii, na ningekiandika mngenizomea nishuke.

Jana mlinzi wa geti alikuja analia, akamwambia shemeji, mama nisamehe, kitabu kina safu mbili tu, nilisikia toroli linakuja nikapaza sauti, kibali kiko wapi, kabla sijaona nani amelala juu yake, na Nakala mwenyewe ndiye aliyetufundisha tusimpitishe mtu kwa kumwonea haya, nikaweka tiki kwenye hana kibali. Mlinzi hatumlaumu. Tuliwapigia watu wa utumishi, wakatupa pole nyingi, kisha wakasema faili limeshafunguliwa, lazima lifike mwisho. Mwisho wenyewe ni kwamba kaka yangu ataandikwa mtoro aliyefukuzwa, wakati alianguka amevaa glavu za kazi, na sisi tunataka kitu kimoja tu, iandikwe kwamba alianguka kazini.

Utaratibu unasema mtuhumiwa asindikizwe na mfanyakazi mwenzake, kwa hiyo mimi nitabaki nje ya mlango, ataingia yule mama wa kufungashia, mlinzi ataingia na kitabu chake aeleze ile tiki, na wale watatu waliosukuma toroli wamesema wataingia hata wasipoitwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha dharura waliohangaika naye hadi dakika ya mwisho, majirani kwa viti, turubai na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake mliomtoa pale mbio bila kungoja sahihi ya mtu.

Kaka, kikao chako tumekichukua sisi, Jumatatu kiti chako kina mtu, wewe usiamke kwa ajili yao. Tulia, upumzike.