Damu ya Kocha Haishuki

Benchi la pale kona, mbele ya banda la baiskeli, halikosi watu. Asubuhi hiyo alikuwapo Spana, fundi mwenye banda. Redio, ambaye akishawashwa hazimiki. Na Kinyozi, aliyemwacha mteja na ndevu nusu ili asipitwe na maneno. Habari ilikuwa moja tu. Kocha, mwenzao wa miaka nenda rudi, sukari ilimfanya akatwe nusu ya unyayo, vidole vyote vikaenda, na sasa kidonda kimegoma kufunga. Madaktari wanasema damu haifiki vizuri. Isipofika, watakata tena, safari hii chini ya goti.

— Damu imeshtuka, alisema Redio. Ilizoea vidole. Ikishuka haivikuti, inageuza.

— Inageuza inaenda wapi? aliuliza Spana.

— Kichwani! Ndiyo maana Kocha kawa mkali.

— Wacha wee! alidakia Kinyozi. Damu yake ni vivu tu. Mguu uning'inizwe dirishani, itateremka yenyewe.

— Mngeniachia mimi, alisema Spana, ningeipiga pampu.

Wakacheka hadi kahawa ikawapalia. Spana alicheka kuliko wote. Hakuwaambia kwamba jana shemeji, mke wa Kocha, alimwomba awapeleke kliniki leo kwa pikipiki yake, mishipa ipimwe kama inapitisha damu, naye akajibu kazi zimembana. Kazi gani? Mkononi alikuwa na pancha moja. Aliogopa kukiona kile kidonda, basi.

Mwenye pancha, dada mgeni pale mtaani aliyekuwa akisubiri baiskeli yake, akasogea.

— Samahani kaka zangu, ni mguu upi?

— Wa kulia, alisema Redio.

— Wa kushoto, alisema Kinyozi, papo hapo.

Wakatazamana. Kisha wakamgeukia Spana, maana yeye na Kocha ni chanda na pete.

— Sijui, alisema Spana. Sijaenda kumwona.

Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Redio naye akaangalia chini. Hakuna kati yao aliyewahi kwenda. Spana akatoa simu, akampigia shemeji.

— Shemeji, nisamehe. Nakuja sasa hivi, nakuja na pikipiki.

— Usihangaike, shemeji yangu, tumeshafika. Jirani katuleta. Kocha yuko hapa, anakusalimia sana.

— Anasemaje?

— Anasema pole na kazi.